Tupeane uzoefu: bango gani la picha ya kutisha liliwahi kukuingiza kibandani, au kukukimbiza?

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Naanza mwenyewe, nisionekane nachota tu kwa wenzangu.

Miaka ya 2000 nilikuwa nashinda kwenye kibanda umiza kimoja Ngamiani. Nafagia, nakusanya viingilio, naandika ubao wa nje. Siku moja bosi akaleta The Exorcist, ile ya 1973. Kava lake wengi mnalijua: usiku, mtu kavaa kofia, mkoba mkononi, kasimama mbele ya nyumba, mwanga unamwagika kutoka dirisha la juu. Basi. Pembe hakuna, damu hakuna. Nikalibandika mlangoni. Saa mbili usiku ndani kuna watu sita, wawili kati yao wadogo zake bosi.

"Huyu anasubiri daladala?" mzee mmoja akaniuliza.

Kesho yake nikatafuta kipande cha plaiwudi na rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki kwa mafundi wa boti, nikachora mdomo umejaa meno. Rangi niliizimua mno, ikachuruzika kabla haijakauka, meno yakawa yanavuja. Watu wakadhani nimekusudia! Kibanda kikafurika, wengine wakakalia ndoo. Balaa likaanza picha ilipowashwa, maana ile filamu inaanza taratibu, watu wanaongea tu. "Kijana, mdomo uko wapi?" Nilirudisha viingilio vya watu kumi na mmoja, bosi akanikata kwenye posho.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikalitazama lile kava kwa utulivu. Sisi tumezoea shari ikae gizani, taa iwe usalama. Pale wamegeuza: mwanga unatoka kwenye chumba chenye shetani, na yule mzee, ambaye ni padri, ndiko anakoelekea. Tukio lenyewe lilichochewa na michoro ya Mbelgiji René Magritte, ile ya nyumba za usiku chini ya anga la mchana. Sasa hayo yote ungemweleza nani pale mlangoni?

Haya, leteni yenu.

Magotini wa Deep Sea

Mkuu, mimi Jaws, 1975. Huku papa ni kitoweo, tunamjua mkavu, tunamjua wa nazi, kwa hiyo ukinichorea papa sishtuki. Kilichonishika ni yule dada anayeogelea juu. Papa kasimama wima chini yake, mdomo wazi, kichwa peke yake kinamzidi dada mara kadhaa. Na dada anatazama mbele! Mimi namwona papa, yeye hamwoni. Nilitamani kumpigia ukelele. Sehemu kubwa ya bango ni maji matupu, na hayo maji ndiyo yanayokutesa, maana unaupima umbali uliobaki.

Mchoraji ni Roger Kastel, na alilichorea kwanza jalada la kitabu, filamu ikalichukua baadaye. Wiki ile nilikwenda Raskazone na wenzangu, nikaishia maji ya magotini. Mimi, mtoto wa mvuvi! Jina hilo mnaloliona hapo juu si la kujipachika.

Bi Mkubwa wa Makorora

Wanangu, mdogo wangu alikodi kanda enzi za deki. Kava jeusi, maandishi mekundu, mwanamke kavaa gauni jeupe, nywele zimemfunika uso. Mama yetu Kiingereza hakukijua, lakini alilitazama mara moja tu akasema, "Hizi nguo za mganga." Nyeusi, nyekundu, nyeupe. Kaniki, kitambaa chekundu, bafta. Aliyetengeneza huko kwao alikuwa na hesabu zake za damu na giza, ila nyumbani kwetu rangi hizo tatu zikikaa pamoja zina wenyewe. Akaigeuza kanda kifudifudi, akaiwekea chetezo juu.

Na zile nywele! Uso usiouona unaupa sura ya mtu unayemwogopa. Mimi niliupa sura ya shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali huyo.

Fundi Kava, Chumbageni

Mleta mada, usijilaumu. Mimi natengeneza makava na mabango, na mteja akija ana orodha kichwani: fuvu, nyoka, moto, na yeye mwenyewe katikati kashika panga. Siku moja nikamwonyesha mmoja bango la The Silence of the Lambs, 1991. Uso wa mwanamke umepauka, na nondo, mdudu si chuma, kaziba mdomo wake.

"Kipepeo tu?"

Nikakuza picha. Mgongoni mwa nondo kuna fuvu. Nikakuza tena: lile fuvu ni wanawake saba walio uchi, wamejipanga miili ikaumba macho, pua na meno. Limetoka kwenye picha ya 1951 ambayo mpiga picha Philippe Halsman aliipiga pamoja na mchoraji Salvador Dalí. Mteja akakaa kimya muda mrefu. Kisha: "Safi sana. Sasa mimi niwekee fuvu kubwa."

Nikamwekea. Kava lake linauzwa na machinga stendi, mnunuzi analiona kupitia dirisha la basi na injini inaunguruma. Huyo hana nafasi ya kukuza. Kuficha kunamfaa ambaye watu wameshaisikia filamu yake, wanakuja wakijua kuna kitu kimefichwa. Wale sita wako, mkuu, walikuwa hawajasikia chochote.

Kijana wa Majani Mapana

Sisi mabango tunayaona kwenye simu, ukubwa wa kidole gumba. Papa wenu ningemdhania dagaa. Kwangu mimi jicho moja kubwa, limejaa kioo kizima, nabonyeza. Mara nyingi najuta.

Mleta mada

Fundi, hapo kwenye basi umenimaliza. Ningekujua wakati ule posho yangu ingepona. Bi Mkubwa, shikamoo. Ile kanda mliirudisha?

Bi Mkubwa wa Makorora

Marahaba mwanangu. Nani aishike? Chetezo kiko juu yake mpaka leo.