Kitabu cha miiko na imani za watu: Mtoro au Opie na Tatem?

Mpiga_Zumari
Habari zenu wakuu. Nataka kitabu kimoja cha rejea kuhusu miiko, nuksi, ndege mbaya, mambo ya bundi na paka. Nimebakiza viwili: Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, na kamusi ya Opie na Tatem ya Oxford (1989). Vyote viwili siwezi. Nalipa mwisho wa wiki, nishaurini.

Kaka_Pwani
Unakitakia nini? Bajeti? Na Mtoro yupi? Kuna Kiswahili chenyewe, kilichohaririwa na Velten, Göttingen 1903, kuna Kijerumani cha mwaka huohuo, na Kiingereza cha Allen cha 1981. Usipofafanua tutakuwa tunapiga ramli.

Binti_Makorora
Opie na Tatem ni ya Uingereza na Ireland. Imepangwa kialfabeti, kila imani na nukuu zake zenye miaka, hata chumvi kumwagika. Tamu sana kwa mtafiti. Ila ya mjamzito kukatazwa mayai ya kwetu usiitafute humo.

Mzee_Kikapu
Achaneni na hivyo. Chukua African Religions and Philosophy cha John Mbiti, 1969. Kamaliza kila kitu.

Binti_Makorora
Mzee, shikamoo, lakini kile ni cha dini na falsafa. Mtu anauliza bundi, wewe unampeleka kwenye Sasa na Zamani, nadharia ya Mbiti kuhusu wakati!

Jongoo_Mkavu
Mimi Mtoro aliniliza. Niliagiza cha 1903 kwa muuzaji wa mtandaoni, kimeandikwa "chapa mpya". Nikangoja mpaka nikasahau. Kilipofika ni fotokopi iliyogundishwa, kurasa zimepinda, na sehemu ya pepo na uganga, ambayo ndiyo hasa niliyoifuata, ukingo wa kulia umekatwa. Kila mstari umepoteza neno la mwisho. Unasoma "mgonjwa hupungwa kwa…" basi, kwa nini, malizia mwenyewe. Kulalamika nikajibiwa ndivyo kilivyo tangu zamani! Hela haikurudi. Omba picha za kurasa za ndani kabla hujalipa.

Kaka_Pwani
Kwani ulilipia nini? Mtoro alifariki 1927, hakimiliki imekwisha. Tafuta skani usome bure.

Ustadh_Nusu
Naona mnachanganya. Bundi sawa, ushirikina. Falaki, ile ya nyota na siku za nuksi, ni elimu, ina hesabu zake.

Jongoo_Mkavu
Hesabu za kumwambia mtu asisafiri Jumatano?

Ustadh_Nusu
Kijana, soma kwanza.

Mama_Vitumbua
Nyie bishaneni. Mtaani kwetu Tanga sindano haiuzwi usiku mpaka leo. Hilo lipo kwenye kitabu gani?

Mpiga_Zumari
Samahani, nilibanwa na kazi. Ni kwa mchezo wa redio, wahusika ni Wasukuma. Kiingereza nasoma kwa kujikongoja. Bajeti elfu themanini.

Kaka_Pwani
WASUKUMA? Sasa Mtoro wa Bagamoyo anaingiaje? Ungesema tangu mwanzo!

Binti_Makorora
Hapo vyote viwili havikufai. Hizo elfu themanini panda basi uende Shinyanga, ukae na bibi zake watu.

Mzee_Kikapu
Mbiti anagusa makabila mengi. Nilisema.

Mpiga_Zumari
Wakuu, Allen ana faharasa nzuri lakini?

Jongoo_Mkavu
Mama Vitumbua, nimekulia Tanga, sindano nimenunua saa tatu usiku na sikuulizwa kitu.

Mama_Vitumbua
Duka gani hilo? Mwenye duka mgeni huyo.