Naomba ushauri: safari ya Nyahururu mwezi wa Julai na mume mwenye pumu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunakusudia kutoka Mombasa kwa gari letu dogo mwezi wa Julai, tulale Nairobi, kisha tupande Nyahururu kumtazama rafiki yangu wa tangu skuli aliyejifungua. Mji ule uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mume wangu ana pumu inayoamshwa na baridi. Daktari ameshamwandikia dawa ya kuvuta, na masweta tumenunua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mwenyeji wetu, kwa ukarimu wake, ameahidi kutuwekea jiko la makaa chumbani usiku, ilhali hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huweza kuua hata mtu mzima wa afya, sembuse mwenye pumu, na humo ndani mna mtoto mchanga.

Kwa wenyeji wa huko: nimwambieje asione tumeudharau ukarimu wake, na chumba kipashwe joto kwa njia gani? Pia, tuondoke Nairobi saa ngapi ili tusikutane na ukungu wa Limuru?