Simu ya miaka minne: nibadili betri tena au ninunue nyingine?

Mama Vitenge (Moshi)
Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Simu yangu ni Samsung Galaxy A12, niliinunua mpya mwaka 2021 zamu yangu ya mchezo ilipofika. Simu hiyo ndiyo ofisi yangu. Wateja wananitumia mishono kwa WhatsApp, na vipimo vyao vyote vimo mle: bega, kiuno, urefu wa gauni.

Sasa inanitesa. Naichomoa kwenye chaji saa 12 asubuhi ikiwa 100, saa 6 mchana iko 20, ikifika 15 inajizima. Kamera nayo inaganda. Mwezi uliopita fundi mmoja mjini alinibadilishia betri kwa elfu 30. Wiki tatu hazijaisha, kava la nyuma limebenuka upande wa kulia, ukucha unapita. Nilivyorudi akasema simu imezeeka, ninunue nyingine, na anazo za kuuza.

Naomba mnisaidie kwa ukweli: simu kama hii inatakiwa ifanye kazi miaka mingapi? Nina laki na themanini nimeitenga kwa ada ya mwanangu ya Januari. Sitaki kuigusa kama hakuna ulazima.

Boda wa Sakina
Pole dada. Simu ni miaka miwili, ukibahatika mitatu. Mimi naifunga kwenye usukani na ramani inawaka kutwa nzima, nimeshamaliza mbili tangu 2021. Nunua nyingine tu.

Fundi Kilombero (Arusha)
Mama, kabla ya yote, zima hiyo simu sasa hivi na usiichaji tena. Kava likibenuka hivyo, betri imevimba, ndani imejaa gesi. Usilikandamize lirudi, usilale nayo karibu. Ikitoboka inaweza kuwaka moto, na wewe umezungukwa na vitambaa.

Nina miaka 11 kwenye meza ya simu hapa karibu na Soko la Kilombero, na inaniuma mtu akiambiwa simu imezeeka wakati kilichochoka ni betri. Betri hizi za lithiamu zinachakaa kwa mizunguko. Ukitumia jumla ya asilimia 100, iwe kwa siku moja au mbili, ni mzunguko mmoja. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone mpaka toleo la 14 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500. Kwa mtu anayemaliza chaji kila siku, huo ni mwaka mmoja na miezi kadhaa. Betri yako ya kwanza ilikuhudumia vizuri sana. Hiyo ya pili ilikuwa mbovu, hapo ulionewa.

Kaka wa Sakina, simu zako zinauawa na joto, miaka ni kisingizio. Jua la mchana, skrini inawaka, bado unachaji kutoka kwenye pikipiki. Ihamishie mfukoni ukishaijua njia.

Mama, kuhusu kuganda, ukishabadili betri angalia nafasi iliyobaki. Simu ikijaa, mfumo unakosa pa kuandikia. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, uanze na video zilizosambazwa mara nyingi. Na vipimo vya wateja viandike kwenye daftari, nakuomba sana. Nimeshaona watu wanalia mezani kwangu kwa ajili ya vitu kama hivyo.

Kinachoamua mwisho wa simu ni masasisho, yale marekebisho ya mfumo ambayo kampuni inatuma kuziba mianya ya wezi. A12 ilitoka mwishoni mwa 2020, na Samsung waliahidi miaka minne ya masasisho ya usalama. Inahesabiwa tangu simu ilipotoka, si tangu ulipoinunua, kwa hiyo muda umepita. WhatsApp haitakukataa leo wala kesho, toleo la Android inalotaka ni la zamani na wewe uko mbali juu ya hapo. Ila programu ya benki iondoe. Pesa itume kwa M-Pesa, *150*00#, hata kitochi kinaiweza. Siku ukinunua nyingine, uliza imebakiza miaka mingapi: Galaxy A16 ya 2024 imeahidiwa 6, S24 imeahidiwa 7.

Mpagazi Marangu
Naunga mkono. Yangu ni ya 2019. Usiku wa kupanda kileleni ilikuwa inazima ikiwa 40, nikishuka nikaiweka kwapani inawaka tena. Baridi inailegeza betri yoyote, iliyochoka ndiyo inaanguka kabisa. Nilibadili betri 2023, safari iliyofuata nikapiga picha Uhuru, mita 5,895, na chaji ikabaki ya kushukia.

Mama Vitenge (Moshi)
Nilikuwa kimya kwa sababu niliizima kama ulivyoniagiza, fundi. Asante sana.

Jana nimempata fundi mwingine. Alipoitoa ile betri aliilaza juu ya kioo cha meza akaisukuma kwa kidole, ikazunguka kama pia. Akachukua nyingine akaifanyia vilevile, ikakwama palepale. Akaniambia iliyovimba inazunguka kwa sababu tumbo limetoka. Nimelipa 38,000 kwa hela ya gauni la kipaimara, na kaniandikia risiti ya miezi mitatu. Ile mbovu kabaki nayo, kasema isitupwe jalalani.

Nimefuta GB 19 za video, kamera inafunguka mara moja. Sasa ni saa 10 jioni, iko 61. Ada ipo kamili. Daftari nimelianza jana usiku, nimefika mteja wa 14.