Kontena limekwaruzwa chini ya daraja, tajiri anataka kunikata mshahara. Nisaidieni

ChumviMarereni: Salaam wadau, niko Malindi. Miaka sita nimebeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni hadi Mombasa, na daraja la Sabaki ni la kupita juu yake, basi kimo cha mzigo hakikunisumbua. Sasa tajiri kanihamishia makontena. Juzi nikapita chini ya daraja moja la reli, kibao chake cha kimo kimeliwa na kutu hakisomeki. Nikaenda taratiiibu, mara nikasikia krrrr juu. Kushuka, ukingo wa mbele wa kontena umebonyea kiganja kizima. Na wiki iliyotangulia nilipita papo hapo na kontena, salama salimini! Keshokutwa napakia tena. Nifanyeje?

MzeeWaTela: Mwanangu, makontena hayalingani. La kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile refu mita 2.90. Tela lako likiwa mita moja na nusu kutoka chini, la kwanza linafika kama 4.1, la pili 4.4. Ukisimama chini huoni tofauti. Tazama kona za juu: refu huwekwa mistari ya njano na nyeusi. Mimi naliangalia kabla sijasaini karatasi.

Bi_Kipimo: Na upime mwenyewe kwa futi ya kupimia, usiambiwe na mtu. Ukiwa na mzigo, springi zimelala. Ukirudi na kontena tupu zimenyanyuka, kwa hiyo ulipopita asubuhi jioni unagonga. Halafu barabara ikiongezwa lami, nafasi inapungua na kibao ni kilekile cha zamani.

MswahiliMarekani: Niko Durham, North Carolina. Hapa palikuwa na daraja la reli la futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56. Vibao, taa za kumetameta, vyote vipo, na malori yanachunwa paa mchana kweupe. Mwaka 2019 wakalinyanyua inchi 8. Bado wanagonga! Kwa hiyo kaka, usijione mjinga peke yako.

Tanboi_Mstaafu: Ukikwama usikanyage mafuta kwa hasira. Punguza upepo kwenye tairi, lori lishuke, urudi nyuma polepole tanboi (utingo wako) akikuangalizia. Na wajulishe watu wa reli, kuna treni inayokuja juu yako.

Wakili_wa_Mtaani: Kuhusu mshahara: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi. Je, ulikusudia? Kuna aliyekwambia kontena ni refu? Jibu kwa maandishi, na picha ya kile kibao uiweke.

ChumviMarereni: Nimerudi. Picha ya kibao ninayo, na barua nimempelekea tajiri, amenyamaza tu. Leo nimepanda juu na futi, tanboi ameshika chini: 4.42. Nimeiandika kwa maka kwenye kioo, mbele ya macho yangu. Tanboi anauliza, na mwembe wa pale kwetu je? Nikamwambia huo tutauzunguka.