Walimu wa la nne naombeni ushauri, mtihani wa taifa wa Oktoba huo umefika

TichaMwaloni: Wakuu habari za jioni. Nafundisha darasa la nne huku kando ya ziwa, Ilemela. Watoto 83, na 17 kati yao hawajui kusoma kabisa. Juzi mmoja kanisomea ukurasa wote wa sangara bila kukwama. Nikaziba picha kwa kiganja, akanyamaza. Niendelee kuwafanyisha mitihani ya nyuma au niwarudishe kwenye silabi?

NgoshaWaIgoma: Sisi tulisomea chini ya mwembe, fimbo tu, na tulielewa.

BiDagaa: Wangu alikuwa hivyohivyo. Nikamkabidhi daftari la madeni ya dagaa. Siku hizi anawasomea wadaiwa majina yao mlangoni kwao, hawanisalimii tena.

MstaafuKKK: Silabi, nusu saa kila asubuhi. Ba be bi kwanza, nywa na mbwa baadaye. La nne kuna imla, na imla haikaririki. Ila mtihani wa majaribio, moko, walipataje?

TichaMwaloni: Walifanya vizuri tu.

MstaafuKKK: Wasiojua kusoma?

TichaMwaloni: Sawa. Kila mmoja nilimkalisha na anayejua. Mkuu wa shule akawatangazia wazazi kikaoni kwamba kwetu wote wanasoma, makofi yakapigwa. Nikiomba sasa muda wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), nitasema ni wa nani? Na msinihukumu, si mimi peke yangu. Maswali ya kuchagua nimeshawaambia wakikwama waandike C.

SatoChoma: Oktoba msimamizi anatoka shule nyingine, anawatawanya. Hiyo C wataiandika kwenye imla?

KakaKirumba: Mnapoteza bando. Huyu Machi alileta uzi wa pikipiki, akasema ni bodaboda wa Buzuruga. Hii chai.

SatoChoma: Tena ya maziwa 😂

TichaMwaloni: Boda ni jioni. Mshahara wa mwalimu unaujua wewe?

KakaKirumba: Weka picha ya ubao basi.

NgoshaWaIgoma: Boss, pikipiki uliuza?

MstaafuKKK: Mwacheni. Ticha, yule wa sangara moko alipata ngapi?

TichaMwaloni: 46 kwa 50.

MstaafuKKK: Na aliyekaa naye?

TichaMwaloni: 44.