Mbwa mzima mwenye woga: niendelee kumpeleka kwenye mafunzo ya kikundi?

Mkaazi wa Kiamunyi (swali)

Hamjambo nyote. Ninaishi Kiamunyi, hapa Nakuru, na tangu mwezi wa Januari ninamtunza mbwa jike wa umri wa miaka minne hivi, niliyeachiwa na mjomba wangu wa Njoro alipohamia kwa mwanawe. Kule Njoro alifungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, kama wanavyofugwa mbwa wengi wa ulinzi, kwa hiyo katika miaka yote hiyo hakuwahi kutembezwa kwa kamba wala kukutana na mbwa mwingine isipokuwa kupitia ua. Ndani ya boma ni mpole hata watoto humlalia. Shida huanza tukivuka geti. Akimwona mbwa mwingine, hata akiwa ng'ambo ya barabara, manyoya ya mgongo humsimama, hubweka na kuvuta kamba mpaka kola inamkaba; bodaboda ikipita karibu ni hivyo hivyo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwenye mafunzo ya kikundi yanayofanyika katika uwanja mmoja mjini. Tulikuwa na mbwa tisa waliopangwa kwa duara, hatua nne au tano kati ya mmoja na mwenzake. Wangu alibweka nusu saa bila kukoma, akakataa hata ini la kuchemsha ambalo nyumbani hulipigania, kisha mwishoni akanyamaza, akajilaza chini huku akitetemeka kidogo. Mwalimu alifurahi, akasema ameanza kuzoea na nimlete kila wiki. Mimi sikufurahi. Jumapili na Jumatatu alibwekea hata majani yaliyopeperushwa na upepo.

Nimeshalipia masomo sita na pesa hazirudishwi. Je, niendelee? Na je, mbwa wa umri huu bado anaweza kufundishwa kukaa na wenzake, au wakati umepita? Naomba pia mzingatie kwamba usiku bado ninamtegemea kulinda boma.

Daktari wa mifugo, Kisumu

Dada, shaka yako ina msingi. Mbwa aliyebweka nusu saa, akakataa chakula akipendacho, kisha akalala akitetemeka, hajazoea; amekata tamaa. Kunyamaza kwa namna hiyo huwadanganya watu wengi, wakiwemo walimu wenye nia njema, kwa sababu kwa macho hufanana na utulivu. Mbwa aliyetulia kweli mwili wake hulegea, hunusanusa nyasi, hugeuka kumtazama mwenyewe na hula anachopewa. Mbwa aliyelemewa hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hukunja mkia, na hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Kukataa ini ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: asipokula, yuko karibu mno na kile anachokiogopa, na somo la siku hiyo limekwisha hata kama saa haijafika.

Kuhusu umri, ni kweli kwamba mlango mpana wa kuzoea dunia hufunguka mbwa akiwa na wiki tatu hivi na kuanza kufungika afikapo wiki ya kumi na mbili au ya kumi na nne. Yule wako wiki hizo alizipitia kibandani, na haziwezi kurudishwa. Hata hivyo mbwa hujifunza maisha yake yote. Kinachobadilika ni lengo: usitafute kumfanya rafiki wa kila mbwa wa Nakuru, tafuta kumfanya aweze kumwona mwenzake akipita na kuendelea na safari yake. Mbwa wengi wazima hawahitaji zaidi ya hapo, na wenyewe wangesema hivyo kama wangekuwa na kauli.

Kabla ya somo lolote lingine mpeleke akaguliwe masikio, meno, viungo na ngozi, na apimwe damu iwapo amekuwa na kupe wengi, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huwa mwepesi wa hasira na hakuna mafunzo yatakayoyaondoa maumivu hayo. Hakikisha pia chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa. Darasa linalopokea mbwa tisa bila kuuliza kadi ya chanjo hata moja, mimi ningeligeuzia mgongo langoni. Ikitokea mtu ameumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wa Lanet

Nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na ninaona tunawadekeza. Mbwa akibweka bila sababu, mvute kamba kwa nguvu mara moja, atajua nani mkubwa. Kumpa ini mbwa anayefanya fujo ni kumlipa kwa fujo yake.

Daktari wa mifugo, Kisumu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya malipo ni nzuri na ndiyo inayowatatiza wengi, lakini woga si kazi ambayo mbwa anaifanya ili alipwe. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa ishara tupu iwapo ishara hiyo imetangulia chakula mara nyingi. Mate hayo mbwa hakuyaamua. Ndivyo ilivyo na hofu: mbwa mwenzake akitokea kwa mbali na ini likafuata kila mara, baada ya muda kule kutokea kwenyewe hubadilika maana. Ukimvuta shingo kila anapomwona mwenzake, nalo pia atalijifunza, yaani kwamba mbwa wengine huleta maumivu. Pengine ataacha kunguruma, lakini kunguruma ni onyo, na mbwa aliyenyang'anywa onyo huuma bila kutangaza. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko mwaka 2021 kwamba mbwa wote wafundishwe kwa njia za zawadi, na hakikuwaacha nje wale wenye ukali.

Mama wa Riat

Dada wa Kiamunyi, pole. Mimi nina mbwa dume wa miaka sita aliyekuwa hivyo hivyo, na mafunzo ya kikundi ndiyo yaliyonisaidia, ila yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Nayaeleza kwa urefu ili uwe na kitu cha kulinganisha.

Somo la kwanza tulikwenda watu bila mbwa. Tulifundishwa kuishika kamba bila kuikaza, kutazama mwili wa mbwa, na kumgeuza tukaondoka naye bila kelele. Jambo hili la mwisho tulilifanyia mazoezi sisi kwa sisi, watu wazima tukitembezana kwa kamba, na vicheko vilikuwa vingi. Mbwa walikuwa wanne tu. Kila mmoja aliingia peke yake kwa saa yake, na kati ya kituo na kituo paliegeshwa gari au palitundikwa shuka kwenye kamba ya kuanikia nguo, ili mbwa awasikie na kuwanusa wenzake bila kuwaona. Mwalimu alikuwa na msaidizi aliyemtembeza mbwa wake mmoja mzee, mtulivu, kwenye upande wa mbali wa uwanja, hatua hamsini au zaidi. Mbwa yule akijitokeza, sisi tulitoa chakula. Akijificha nyuma ya gari, chakula kilikoma. Utaratibu huo usiugeuze. Mimi mwanzoni nilikuwa natia mkono mfukoni kabla mbwa wa pili hajaonekana, na wangu akajifunza kwamba mkono mfukoni maana yake hatari inakuja!

Chakula chetu kilikuwa omena, nimewapepeta mchanga na kuwakausha tena jikoni. Ni rahisi, hunukia kuliko biskuti za dukani, na mmoja ni tonge moja.

Wiki ya nne ndipo tulianza kutembea sambamba, mbwa wawili wakielekea upande mmoja huku sisi watu tukiwa katikati, kwanza upana wa uwanja mzima, baadaye upana wa barabara. Hatukuwahi kuwaacha wakutane pua kwa pua, na sikuona hasara. Nilimvua kola nikamvisha mkanda wa kifuani, kwani kukabwa kulimzidishia hofu, na nilimzoesha kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kwa kukipaka maziwa lala ndani na kumwachia atie mdomo mwenyewe. Kilichukua siku kumi kabla sijafunga kishikizo.

Kwa bodaboda, nilimlipa kijana wa stejini akae juu ya pikipiki iliyozimwa wakati sisi tunapita mbali. Baadaye aliiwasha bila kusogea, na baadaye kabisa akaiendesha polepole. Aliniona nimerukwa na akili, lakini alikuja kila Jumanne. Na mbwa wanaozurura, ambao mwalimu hawezi kuwapangia saa, ukimwona mmoja anakufuata mrushie konzi ya omena chini, kisha geuka uondoke akiwa anaokota.

Kuhusu ulinzi usiwe na wasiwasi. Wangu hupita mbele ya mbwa wa jirani kimya asubuhi, na usiku mtu akigusa geti mtaa mzima unajua.

Mkaazi wa Kiamunyi

Nawashukuru sana, hata Mzee wa Lanet, kwa kuwa swali lake lilikuwa langu pia. Daktari wa hapa alimkuta na maambukizi katika sikio la kushoto, ana dawa ya wiki mbili, na kwa muda huo hatuendi popote penye mbwa.

Nimezungumza pia na mwalimu. Hakupenda kuambiwa, na kwa haki nikiri kwamba nilianza vibaya kwa kumtajia kasoro zake zote kwa pumzi moja. Tulipotulia alikubali nisiingie kwenye duara; masomo yangu yaliyobaki nitakaa nje ya uwanja, nyuma ya magari, na nitaondoka wakati wowote nikiona inafaa. Kadi za chanjo amesema ataanza kuziuliza. Mama wa Riat, naomba kujua: kama hali kule nyuma ya magari ni kwamba anakula lakini ananyakua kwa nguvu hadi kuniuma vidole, hiyo inahesabiwa kuwa anakula?

Mama wa Riat

Nusu. Kunyakua ni dalili kwamba anakaribia mpaka wake. Rudi nyuma hatua kumi mpaka mdomo ulainike, na chakula mwekee kwenye nyasi badala ya kumpa mkononi. Kuinama na kunusa kutampunguzia kasi, na vidole vyako vitapona.