Naomba ushauri: bahasha za siku ya kwanza za marehemu babu

Habari zenu wakuu. Niko Moshi. Babu aliniachia boksi la viatu lenye bahasha za siku ya kwanza, yaani zile zenye stempu mpya zilizogongwa muhuri wa tarehe ileile stempu ilipotoka. Ninayoipenda kuliko zote ni ya 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Nyingine zimeandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, enzi zile posta yetu ilikuwa moja.

Masika haya unyevu umeingia. Baadhi zina vidoa vya kahawia, na mbili babu alizibandika selotepu, sasa imekuwa njano na kung'ang'ania karatasi. Naogopa kuibandua nikachana na muhuri. Mwenye uzoefu aliitoaje? Nimeshaziondoa kwenye mifuko ya plastiki laini, maana ilianza kunata kwenye wino.

Pia nataka kuanza kubuni za kwangu. Nimechora Kibo na mgomba upande wa kushoto, kulia nimeacha nafasi ya stempu. Jaribio la kwanza nilichapa kwa printa ya wino, tone moja la maji likaharibu kila kitu. Nichape kwa leza, au nichore kwa mkono wino usiotoka? Na karani mnamwombaje agonge muhuri taratibu, usomeke vizuri, usiguse mchoro?

Kama kuna mkusanyaji Arusha au hapa Moshi, nitashukuru sana tukionana.